Ng'ombe wa Kabla ya Volkano

Goma, Mabanga
Jumapili, baada ya misa

Kwa Yaya Masika,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mume wako, halafu Mama. Nimepanga hivyo makusudi, maana najua dada yangu mkubwa akitajwa wa pili ananuna siku nzima. Habari za Butembo? Baridi inaendeleaje, na kifua cha Mama je? Uliandika kwamba anakohoa asubuhi tu. Mwambie asiende shambani kabla jua halijapanda, lakini usimwambie kwamba ni mimi niliyesema, la sivyo ataenda alfajiri.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nyumba ninayopanga haivuji sana. Hao wanaowaambia huko kwamba Goma imekwisha wanaongeza chumvi. Ni kweli waasi wako kaskazini, upande wa Rumangabo, na barabara ya kuja kwenu imefungwa. Ni kweli pia kwamba jioni watu wanaingia ndani mapema. Lakini mchana hapa Mabanga wanauza makaa, wanabatiza watoto, wanaoana, na mimi napiga picha. Kinachoniumiza ni kwamba sikukuu ya pili sasa inapita sijakaa nanyi mezani. Nimewakumbuka sana, nalisema wazi.

Barua yako ililetwa na yule mama mfanyabiashara wa vitenge aliyepanda ndege, na barua hii atarudi nayo yeye. Nilicheka nilipoisoma. Kwa maelezo yako, kamera niliyokutumia ina magonjwa yote ambayo daktari anayajua na mengine ambayo hajayasikia. Haya, tumtibu mgonjwa.

Kwanza ile lenzi iliyotoka nje ikakataa kurudi. Mwambie shemeji aweke mbali mafuta yake ya cherehani. Najua ni fundi nguo mzuri na kila kitu kikikwama kwake anakitia tone, lakini tone moja tu ndani ya lenzi na kamera hiyo utaitumia kuzuia mlango. Kilichokwama ni vumbi. Hapa kwetu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu tunaishi juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake ni jeusi na linakwaruza. Zima kamera, toa betri, igeuze lenzi itazame chini, halafu chukua ile pampu ndogo ya mpira wanayosafishia pua za watoto wachanga upulizie kuzunguka ukingo wake. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Igonge polepole kwenye kiganja, weka betri mpya, uiwashe. Yangu imefufuka hivyo mara nyingi.

Betri ndiyo sababu ya nusu ya malalamiko yako. Zile za bei rahisi unazonunua kwa ajili ya redio haziwezi kamera. Redio inakunywa kidogo kidogo, kamera inameza. Nunua zile za kuchaji, na kabla ya kwenda harusini zitie mfukoni karibu na mwili, maana baridi ya Butembo inazilaza. Ukiona zimejaa na kamera bado inasema zimekwisha, sugua vile vichwa vya chuma kwa kifutio cha mwanafunzi.

Kadi inayotunza picha haijafa. Ukiitoa utaona kando yake kijiti kidogo kinachopanda na kushuka. Mtu fulani huko amekishusha kwa kucha alipokuwa anaitoa, na kadi ikajifunga. Kipandishe. Kamera ikikuuliza kama ifute kila kitu ili kadi ipone, kataa kwanza, uniulize mimi.

Zile duara nyeupe zinazoelea juu ya vichwa vya watu si roho za babu zetu. Mwambie huyo mchungaji aliyekuja kukuombea kamera kwamba ni vumbi linalopigwa na mwanga wa flashi. Toa watu nje, zima flashi, na mababu watapumzika.

Na sasa ile ya maharusi waliotoka na ukungu, wote, tangu mwezi uliopita. Yaya, nimekaa kitandani nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Umesema uliona kwenye kamera alama ya ua, ukaona inafaa harusi, ukawa unaibonyeza kila bibi arusi anapokaa. Ile alama ni ya kupiga kitu kilicho karibu sana, kama ua lenyewe, au mdudu. Ukisimama mbali nayo, inaona ukungu. Ondoa ua. Na hao maharusi uwapige tena bure, utafanyaje.

Limebaki swali lako la mwisho, lile uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo, kama halina maana. Umeuliza kwa nini kila ukitoa betri kamera inakudai tarehe, na kama kuna ubaya ukibonyeza tu iendelee. Kwa ajili ya swali hilo nimenunua karatasi za ziada.

Ndani ya kamera kuna betri nyingine ndogo sana ya kushika saa. Kamera ikizeeka ile inakufa. Basi kila ukitoa betri kubwa, mashine inasahau siku, inarudi kwenye tarehe yake ya kwanza ya kuzaliwa. Yangu na yako tulizinunua kwa mtu mmoja, na zote zinarudi Januari mosi ya mwaka ule ambao volkano ilikuwa haijashuka mjini hapa. Kama umeruhusu tarehe iandikwe, inakaa pembeni mwa picha kwa tarakimu za rangi ya machungwa. Mimi niliruhusu, kwa sababu watu wa matanga wanapenda kuwa na siku ya maziko kwenye picha. Nami nilikuwa nabonyeza tu iendelee, kama wewe. Sikiliza kilichotokea.

Unamkumbuka Innocent, fundi seremala niliyekuandikia habari zake, yule aliyenitengenezea kitanda. Watu wake ni wafugaji wa Masisi, wanaosema Kinyarwanda. Baba yake, Muzee Gahigi, anakaa naye hapa mjini, lakini ng'ombe wao walibaki milimani na mchungaji mmoja anayeitwa Habimana. Innocent amemchumbia msichana wa mtaa wa Mapendo, jina lake Furaha, mwalimu wa watoto wadogo. Wamesubiriana tangu kabla vita hivi vya sasa havijaanza. Mahari ilikubaliwa: ng'ombe wanane.

Kwao, ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa maneno. Siku ya kutoa mahari mchungaji wa upande wa msichana anapaswa kuwa amekwenda kuwatazama. Anarudi mbele ya wazee wote na fimbo yake, anasema nimewaona, ni wazima, kisha anawasifu mmoja mmoja kwa majina. Hapo baba wa msichana anasema nimewapokea, na mambo yamekwisha. Sisi Wanande na mbuzi wetu hatuna hotuba ndefu hivyo. Sasa nani wa Mapendo angepanda Masisi kutazama ng'ombe na kila kilima kina watu wake wenye bunduki? Hakuna aliyekubali. Ndipo wazee wakapatana kitu ambacho babu zao hawakukijua: wapigwe picha, na picha iletwe mezani mahali pa macho ya mchungaji.

Nikaitwa mimi. Tulipanda na Innocent kwa pikipiki, tukalala njiani kwa padri, asubuhi tukafika malishoni. Betri zilikuwa zimelala kwa baridi. Nikazitoa, nikaweka nyingine, kamera ikadai tarehe, na ng'ombe walikuwa wanaanza kutawanyika. Nikabonyeza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anaikumbuka methali wakati ng'ombe wanaondoka? Nikawapiga wote wanane wamesimama pamoja, pembe juu, na ndama mmoja kando ya mama yake. Ilikuwa picha nzuri, Yaya. Sijapiga nzuri kama ile.

Niliichapisha kwa ukubwa kwenye labo ya picha ya mjini, na kwa furaha yangu sikuangalia pembeni. Tulikwenda nayo Mapendo tumevaa makoti. Baba yake Furaha aliishika muda mrefu, akaitazama, akampa mjomba wa msichana, anayeitwa Etienne. Huyo ana duka la vyombo na hakuna kitu anachonunua bila kukigeuza nyuma. Akavaa miwani. Akasoma tarehe kwa sauti. Mara ya kwanza sikuelewa anasoma nini.

Akasema kwamba mwaka ule volkano ilikuwa bado haijachoma hata kibanda kimoja, na ng'ombe wa mwaka ule wamekwisha kuliwa, wao na watoto wao. Nikasimama kumweleza habari ya betri ndogo iliyokufa. Nikaonyesha kamera, nikatoa betri mbele yao, nikarudisha, wakaona tarehe inavyorudi nyuma. Wengine walianza kuelewa. Mjomba Etienne akanitazama juu ya miwani.

"Apareyi yako inadanganya siku," akasema, "lakini juu ya ngombe inasema ukweli?"

Tukaambiwa turudi na picha nyingine yenye siku ya kweli.

Usifikiri mjomba ni mtu mbaya. Anampenda mpwa wake na anaogopa umaskini. Lakini alikuwa na mtu wake pia, mgane mmoja mwenye duka Bukavu, na sote tulijua kwamba ng'ombe wakikataliwa, Furaha atapelekwa huko. Furaha mwenyewe alinisindikiza mpaka barabarani. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Kambale, tengeneza ile kintu yako," akaniambia. "Mimi siendi Bukavu."

Basi tukapanda tena. Safari hii niliweka tarehe nikiwa bado nyumbani, nikaiangalia tulipofika Sake, nikaiangalia tena kwa padri. Padri alitushauri tusiendelee, alikuwa amesikia milio. Innocent akasema yeye anaendelea kwa miguu. Ningemwacha vipi?

Zizi lilikuwa wazi. Habimana alikuwa ameketi juu ya miti ya lango, ile inayolazwa usiku kufunga, na fimbo yake magotini. Hakusimama kutusalimu.

"Balikuja asubui," akasema. "Balibeba yote. Hata kale kadogo."

Innocent aliuliza ni akina nani. Habimana akasema wenye bunduki hawaulizwi jina. Innocent akazunguka zizi lote kana kwamba ng'ombe mmoja anaweza kuwa amejificha, akarudi, akaniambia nipige picha. Nikauliza nipige nini. Akasema nipige tu. Nikapiga zizi, miti ya lango chini, na mlima nyuma. Tarehe ilitoka sawasawa. Tulishuka watatu, Habimana nyuma yetu, kwa kuwa hakuwa tena na kazi kule.

Mtu wa labo aliposikia habari alinivuta kando. Akasema kwa kompyuta yake anaweza kuifuta tarehe ya picha ya kwanza na kuandika ya juzi, hakuna jicho litakalojua, hata la Etienne. Ng'ombe walikuwepo kweli, akasema, na tarehe ile ilikuwa kosa la mashine, basi tunasahihisha tu. Sikuficha kitu, niliyapeleka maneno yale kwa Innocent na baba yake kama yalivyo. Nami nilitaka wakubali. Innocent alikuwa anatazama sakafu, naye alitaka, nilimwona. Muzee Gahigi aliendelea kukunja tumbaku yake.

"Mutoto wangu hawezi kuingia mu nyumba ya batu na uongo," akasema. "Mutapeleka foto zote mbili."

Kwa hiyo Alhamisi hii iliyopita tulikuwa tena Mapendo. Muzee Gahigi akaweka picha mbili mezani yeye mwenyewe, akasema: hii ina ng'ombe na siku yake si ya kweli, hii ina siku ya kweli na haina ng'ombe. Akaeleza yaliyotokea kwa maneno machache, akaketi. Mjomba Etienne hakusoma tarehe safari hii. Akavua miwani, akasema kwa upole kabisa kwamba anawapa pole, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kwa siku ya leo hakuna kitu cha kupokea. Wanawake ndani walisikia. Nilimwona Furaha mlangoni, amesimama na trei ya vikombe, haingii wala harudi.

Ngoja, niwasalimu watu kabla sijajaza ukurasa nikaishia kuwasahau kama barua ile nyingine, maana najua mtanisema mwaka mzima. Nisalimie Mama mara mbili. Nisalimie shemeji, mwambie mafuta ni ya cherehani. Msalimie mama mkubwa wa Lubero kama bado yuko kwenu, na mdogo wetu Muhindo. Kama anataka kweli kujifunza kazi ya picha, mpe kamera siku moja apige mbuzi kwanza, mbuzi hawalalamiki. Mbusu mtoto wako mdogo ambaye sijamwona. Nitumie picha yake, bila ua.

Sasa nimalize.

Tulikuwa tumekwisha kuinuka. Innocent alikuwa ameshika picha zake kuzirudisha kwenye bahasha. Ndipo baba yake Furaha, ambaye tangu tumefika hakuwa amesema neno zaidi ya salamu, akauliza mchungaji yuko wapi. Watu wakatazamana. Mjomba akamkumbusha kwamba mchungaji wao hakwenda. Akasema anajua, anauliza huyu aliyekuwa nao. Habimana alikuwa nje uani, amechuchumaa karibu na jiko. Wakamwita. Akaingia na fimbo yake, akasimama katikati ya makoti yetu na viatu vyake vya matope, hajui afanye nini na mikono.

"Ile ngombe uliiona?" akaulizwa.

Akasema amewaona tangu wanazaliwa.

"Basi useme."

Habimana akamtazama Muzee Gahigi, na Muzee akainamisha kichwa kumruhusu. Akanyoosha fimbo, akaanza. Yaya, mimi Kinyarwanda changu ni cha sokoni, nilishika nusu tu. Lakini alimtaja wa kwanza, Bihogo, na mwendo wake akiteremka mtoni; akamtaja Gaju, na mama yake Gaju, na siku aliyokataa kuvuka daraja; akaenda hivyo kwa mmoja mmoja, na wazee wa upande wa msichana wakaanza kuitikia pale panapoitikiwa, kama vile ng'ombe wanapita mbele ya mlango. Alipofika kwa yule mwenye ndama sauti ilimkatika. Muzee Gahigi akasimama, akamalizia yeye.

Baba yake Furaha akapiga makofi mara moja, akasimama.

"Nimepokea," akasema.

Mjomba Etienne akamuuliza, kwa heshima, amepokea nini. Baba yake Furaha alichukua picha ya kwanza mkononi mwa Innocent, ile ya Januari ya zamani, akaiweka chini ya mkono wake.

"Ile siku mulileta hii foto, niliona ngombe na macho yangu. Tangu ile siku ilikuwa yangu. Mwizi hakuiba ngombe ya Gahigi. Aliiba yangu. Hasara ni ya kwangu."

Mjomba alikaa. Furaha akaingia na vikombe. Muzee Gahigi, ambaye tulipomletea habari ya zizi tupu hakutoa hata chozi, alilia hapo mbele ya wakwe zake, na baba yake Furaha akaketi karibu naye kwenye benchi, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Ndoa ni Jumamosi, na nitakuwepo na kamera.

Mdogo wako anayekupenda,
Kambale